Inchi Kumi za Gabriel Spencer

Tarehe 22 Septemba 1598, kwenye viwanja vya Hoxton kaskazini mwa London, mwandishi wa tamthilia Ben Jonson alimuua mwigizaji Gabriel Spencer. Hati ya mashitaka inautaja upanga uliotumika: rapia ya chuma na feleji, thamani yake shilingi tatu. Jonson alikiri. Kamba ya mnyongaji ilimkosa kwa sababu alijua kusoma Kilatini, na sheria ya zama hizo ilimruhusu msomi ahesabiwe kama kasisi. Akanyang'anywa mali, akapigwa chapa ya moto kwenye dole gumba, akaenda zake. Miaka ishirini hivi baadaye, akiwa mgeni wa mshairi William Drummond huko Uskoti, alikisimulia kisa hicho. Kati ya yote ambayo angeweza kusema juu ya mtu aliyemuua, alilitaja hili: upanga wa Spencer ulizidi wake kwa inchi kumi.

Inchi kumi ni sentimita ishirini na tano na ushei, shibiri nzima ya mtu mwenye kiganja kikubwa. Nani aliyezipima? Sidhani kama kulikuwa na mtu pale uwanjani mwenye fimbo ya kupimia. Hicho ni kipimo cha jicho la mtu aliyeona ncha ikimjia, tena kimetolewa na aliyebaki hai. Spencer hakupata nafasi ya kukikanusha. Lakini namba hiyo ilimfaa sana Jonson. Ilimtetea, kwa kuwa mtu anayekuja na chuma kirefu kuliko cha mwenzake amekwisha kuidhulumu haki kabla ya pigo la kwanza. Ilimsifu pia, kwa kuwa aliyekishinda chuma kama hicho kwa kifupi lazima awe fundi. Na kazi zote mbili zilitegemea jambo ambalo mwenyeji na mgeni wake hawakuhitaji kuelezana: kwamba upanga una urefu unaostahiki, na mtu anaweza kuuzidi.

Unastahiki kwa nani, na kwa kulinganishwa na nini? Ndilo swali ninalolizungukia hapa.

Rapia si panga la kufyekea, wala si ule upanga wa Kimanga unaotundikwa kwenye kuta za sebule Zanzibar. Ni upanga mwembamba wa mjini, wa kuchoma zaidi kuliko kukata, na mpini wake umezungushiwa pete na vyuma vya kulinda vidole. Ulishamiri Ulaya katika karne ya 16 na ya 17, ukifuliwa Toledo, Milano, Solingen na kwingineko. Ule wepesi unaoonekana kwenye sinema haukuwa nao, maana kitu cha kilo moja na zaidi hakikai kwa raha kwenye mkono ulionyooshwa. Aliyeuvaa hakuwa anakwenda vitani. Alikuwa anakwenda sokoni, kanisani, kwenye michezo ya kuigiza. Na kwa kuwa silaha ya kuchoma humpendelea yule ambaye ncha yake iko mbali zaidi na bega lake, kila mwenye fedha alikuwa na sababu ya kumwambia mfua panga aongeze kidogo.

Mwaka 1562 Malkia Elizabeth wa Kwanza alitoa amri: asiwepo mtu wa kuvaa upanga au rapia ambayo chuma chake, mbali na mpini, kinazidi yadi moja na nusu ya robo. Yadi ni inchi 36, robo yake inchi 9, nusu ya robo inchi 4 na nusu. Jumla ni inchi 40 na nusu, karibu sentimita 103. Kisu cha kiunoni kisizidi inchi 12. Hata ngao ndogo ya mkononi iliwekewa mpaka, mwiba wake wa katikati usizidi inchi 2. Miaka miwili baadaye, 1564, Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania naye aliamuru panga zisizidi robo tano za vara. Vara ya Castilla ni kama sentimita 83 na nusu, hivyo robo tano zake ni sentimita 104 na kitu.

Hebu zitazame namba hizo mbili. Wenye kuzitoa walikuwa mashemeji, kwani Felipe alimwoa Mary, dada wa Elizabeth kwa baba, na baada ya Mary kufa alimposa hata Elizabeth mwenyewe. Baadaye wakawa maadui wa kutumiana manowari. Dini zao zilikuwa mbili, vipimo vyao viwili, lugha zao mbili, na bado tofauti ya mipaka yao haifiki upana wa kidole gumba. Sidhani kwamba mmoja alimwiga mwingine. Nadhani wote wawili walikuwa wakiusikiliza mwili bila kujua. Upanga hukaa kiunoni, na mkono unaouchomoa una mwisho wake. Chuma kikizidi mita moja kwa kiasi fulani, mwenye mkono wa kawaida huanza kuhangaika nacho, ncha ikabaki ndani ya ala huku kiwiko kimekwisha kunyooka. Sheria zilizojitangaza kuwa za wafalme zilikuwa zimeazima namba kutoka kwenye mabega ya raia wao.

Namba hizo zenyewe hazikusimama imara. Vara haikuwa moja Hispania nzima. Kila mji ulikuwa na yake, na ni mwaka 1568 tu, miaka minne baada ya amri ya panga, ambapo Felipe aliagiza vara ya Burgos itumike kila mahali. Kwa muda huo robo tano zilikuwa robo tano za kitu kinachobadilika ukivuka mto. Waingereza nao hawakuwa na haki ya kuwacheka. Yadi rasmi ya Elizabeth, fimbo ya shaba iliyotengenezwa mwaka 1588, iliendelea kuwa kipimo cha taifa hadi karne ya 19. Mwanafalaki Francis Baily alipoichunguza katika miaka ya 1830 alikuta ilikwisha kukatika vipande viwili na kuungwa vibaya kiasi kwamba kiungo chake kinachezacheza. Akaona kuwa chuma cha kuchochea moto wa jikoni, kikipigwa tupa ncha zake mbili na fundi mbovu, kingefaa sawasawa na hiyo. Watu walitozwa faini na kunyang'anywa mali kwa ushahidi wa kijiti kilichovunjika. Jambo hili halinishtui kama inavyopasa, labda kwa sababu sioni kipimo kingine chochote cha kibinadamu ambacho hakina kiungo kama hicho mahali fulani. Lililonishangaza ni kwamba kilifanya kazi. Wauzaji na wanunuzi walikubaliana nacho, na kukubaliana ndiko kulikokishika pamoja kuliko ule mshono.

Rudi kwenye upanga. Mlima ni mrefu hata ukiwa peke yake. Upanga hauna bahati hiyo. Jirani yangu akirefusha wake, wangu umefupika ukiwa umelala ndani ya ala, bila mtu kuugusa. Ndiyo maana mbio za namna hii hazina mshindi. Wote wakiongeza shibiri, kila mmoja amerudi palepale alipokuwa mbele ya mwenzake, ila sasa wote wamebeba chuma kizito zaidi, kigumu zaidi kuchomoa, ghali zaidi kununua. Anayetaka kuziona mbio hizo bila damu aangalie gharama za harusi zetu, jinsi ukumbi wa mwaka huu unavyofanya ule wa mwaka jana uonekane kibanda, na hakuna familia inayotoka pale na heshima zaidi ya waliyoipata babu zao kwa ng'ombe mmoja na ngoma. Aliyeko ndani ya mbio hawezi kuacha peke yake. Akiacha peke yake ameshindwa tu. Anachohitaji ni mtu wa nje wa kuwasimamisha wote kwa wakati mmoja, na ninashuku kwamba wapo vijana wa London waliolalamikia amri ya Malkia hadharani huku wakishukuru faraghani.

Thomas Hobbes, aliyezaliwa mwaka uleule wa ile fimbo ya shaba, aliandika mwaka 1651 kwamba watu hugombana kwa sababu tatu: faida, kutoaminiana na sifa. Faida haituhusu hapa. Lakini chukua hizo mbili nyingine na ujaribu kuzitenganisha kwenye kiuno cha mtu. Huyu kavaa chuma cha sentimita 115 kwa kuwa anaogopa kuviziwa kichochoroni. Yule kavaa cha sentimita 115 kwa kuwa anataka kutazamwa. Ukipima utapata namba ileile. Yule mwoga mwenyewe, akishatazamwa mara mbili tatu, hajui tena anavaa kwa lipi.

Mwanahistoria John Stow, aliyeishi katika mji huo, alieleza kwamba aliyehesabika kuwa bwana mtanashati kupita wote ni yule mwenye kola ya marinda pana kuliko zote na rapia ndefu kuliko zote, ndipo Malkia akaweka raia wenye heshima kwenye kila lango la mji wakate kola na kuvunja ncha za rapia zilizopita kiasi. Kola na upanga kwenye mizani moja! Amri ya 1562 kweli ilikuwa amri ya mavazi: hariri, suruali zilizotuniswa, kola, na panga. (Stow anaandika kwamba mpaka ulikuwa yadi moja, akiziacha zile inchi 4 na nusu. Hata mwandishi wa tarehe za mji, aliyepita chini ya malango hayo, hakuikumbuka namba yenyewe, alikumbuka kuvunjwa.) Serikali ilikwisha kuuona upanga mrefu kama tunavyoiona kofia kubwa mno, yaani jambo la kusema kitu kwa wengine. Na mwezi uleule aliomuua Spencer, Jonson alikuwa na tamthilia mpya jukwaani, *Every Man in His Humour*, ambamo Kapteni Bobadill, mpiga porojo wa fani ya upanga, anaeleza jinsi yeye na waungwana wachache wangelimaliza jeshi zima kwa hesabu tu, ishirini kwa ishirini. Watazamaji walimcheka. Walijua aina hiyo ya mtu. Alikuwa amekaa karibu nao, na ala yake inawagonga magoti.

Kisa cha mwaka 1580 ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Amri ilikuwa imerudiwa, na maofisa wa kukata panga walikaa kwenye vizuizi vya Smithfield. Balozi wa Ufaransa, Michel de Castelnau, bwana wa Mauvissière, alikuwa anarudi kutoka kupunga hewa juu ya farasi wake. Wakamsimamisha: rapia yake ilizidi kipimo. Barua aliyoandikiwa Earl wa Shrewsbury inasema balozi alipandwa na ghadhabu, akaichomoa. Bahati njema Lord Henry Seymour alitokea na kulituliza jambo lile. Malkia aliposikia alikasirika sana, na hasira zake hazikumwendea balozi. Aliwakasirikia maofisa, kwa kukosa busara.

Wamekosa nini hasa? Walipewa namba, wakapima, namba ikazidi, wakatenda. Hakuna mahali walipokosea hesabu. Kosa lao ni kwamba walidhani wamewekwa pale kupima. Kumbe waliwekwa pale kulinda amani ya mji na enzi ya Malkia, na kipimo kilikuwa kamba tu ya kuwaongoza kwenye kazi hiyo. Siku ambapo kukata upanga kulikuwa njia ya kuleta vita na Ufaransa, walipaswa kuiachia kamba. Nani aliwaambia? Hakuna. Wala asingeweza kuwaambia, maana amri inayosema "inchi 40 na nusu, isipokuwa kwa wale mtakaowaona wenyewe kuwa haifai" imekwisha kuacha kuwa amri. Ninawahurumia maofisa wale. Ofisa wa lango hupewa namba hasa ili asitakiwe kuwa na busara. Akishindwa kuwa na busara, huadhibiwa kwa kuifuata. Lakini hebu fikiri pia kwamba mwana wa fundi viatu alipita palepale asubuhi ileile na chuma kirefu kama cha balozi. Chake kingekatwa, na hakuna Lord ambaye angepita kumtetea. Urefu uleule ulikuwa hatia kiunoni mwa mmoja na tusi kwa taji kiunoni mwa mwingine. Kama busara ni hiyo, basi namba butu ina utukufu wake: ilikuwa kitu pekee pale Smithfield ambacho hakikuuliza jina la mtu.

Walimu wa upanga waliidharau namba hiyo. Kwao urefu unaostahiki hautoki kwenye fimbo ya serikali, unatoka kwenye mwili wa mwenye upanga. Ridolfo Capo Ferro, katika kitabu alichokichapisha Siena mwaka 1610, alisema upanga uwe mara mbili ya urefu wa mkono wa mtu. Uwe sawa na hatua yake ndefu ya kushambulia. Uwe pia sawa na umbali kutoka unyayo hadi kwapani. Gérard Thibault wa Antwerp, ambaye kitabu chake kikubwa chenye michoro ya fahari kilitoka mwaka 1630 baada ya kifo chake, alitaka upanga ukisimamishwa ncha chini, kikingio chake kifike kwenye kitovu. Kwa mtu wa sentimita 170 kitovu kiko kwenye sentimita 102 hivi, kwa hiyo huyo ametii sheria ya Elizabeth pasipo kuisoma. Mwenye sentimita 190 hajaitii.

Hapa mtu hupumua. Hatimaye kipimo kinachomjali aliyevaa! Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alisema haki ya kweli inafanana na rula ya risasi waliyoitumia wajenzi wa kisiwa cha Lesbos, inayojipinda kufuata umbo la jiwe badala ya kulitaka jiwe liifuate. Rula ya Elizabeth ilikuwa ya chuma. Ya Capo Ferro, inaonekana, ya risasi.

Nami niliridhika na hilo mpaka nilipojaribu kuvipima vipimo vyake vitatu. Mara mbili ya mkono, sawa na hatua, sawa na unyayo hadi kwapa: anazitaja kana kwamba ni njia tatu za kufika kwenye urefu mmoja. Kwa mwili gani? Mtu mwenye mikono mifupi na miguu mirefu atapata panga tatu tofauti. Mwenye goti bovu atapata hatua ya mtoto. Isitoshe, wasomaji wake hadi leo wanabishana kama alimaanisha upanga mzima au chuma bila mpini, na tofauti hiyo peke yake inakaribia kuwa shibiri. Vipimo vitatu vinakutana kwenye mtu mmoja tu, yule aliyechorwa kwenye kurasa za kitabu, uchi na mkamilifu, mikono na miguu kwa uwiano unaotakiwa. Mwalimu aliyeonekana kuuheshimu mwili wangu alikuwa anauheshimu mwili mwingine, na wangu anaukuta na upungufu. Sheria ya lango iliniambia upanga wangu umezidi. Kitabu hiki kinaniambia mimi ndiye niliyepunguka.

Wazo hilo la mwili mkamilifu lilisafiri mbali kuliko rapia. Yule Felipe wa robo tano za vara alikuwa tangu 1580 mfalme wa Ureno pia, na chini ya taji lake, mwaka 1593, ulianza ujenzi wa Ngome ya Yesu pale Mombasa, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milano. Ukiitazama ngome kutoka juu unaona umbo linalofanana na mtu aliyelala, kiwiliwili na viungo vyake, na UNESCO ilipoiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011 ilieleza kwamba mpango wake unafuata imani ya zama hizo, kuwa uwiano kamili hupatikana katika mwili wa binadamu. Mhandisi wa Milano na mwalimu wa Siena walikunywa maji ya kisima kimoja. Wafanyakazi waliolichonga tumbawe la kuta zile walikuwa na miili pia, mirefu na mifupi, na hakuna uwiano wa mmoja wao ulioingia kwenye ramani.

Mtu pekee kati ya hawa ambaye kipimo chake ninakiamini ni George Silver, Mwingereza mgomvi aliyechapisha kitabu chake mwaka 1599. Simsifu kwa tabia. Chuki yake kwa walimu wa Kiitaliano inanuka kila ukurasa, na alijivuna kuwa aliwaalika Vincentio Saviolo na mwenzake Jeronimo kwenye pambano la hadhara na hawakutokea. Lakini sikiliza jinsi anavyopima. Simama, anasema, upanga mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Nyoosha mkono wa kisu mbele yako. Sasa urudishe nyuma mkono wa upanga, na uangalie kama ncha inaweza kupita nyuma ya kisu bila kukikunjua kiwiko. Ikiweza, huo ndio urefu wako. Isipoweza, ni mrefu mno, maana siku chuma chako kitakaposukumwa kando hutaweza kukirudisha kwa wakati, na mwenye upanga mfupi ataingia ndani ya urefu wako, mahali ambapo ncha yako iko nyuma ya mgongo wake na haimfai mtu.

Hapa hapapimwi umbo, panapimwa tendo. Swali la Silver si mwili wako una uwiano gani, ni unaweza kukirudisha ulichokituma? Mwenye goti bovu anaweza kulijibu. Mwenye mikono mifupi pia. Na jibu hubadilika mtu anapozeeka, jambo ambalo kitovu hakitalijua. Joseph Swetnam, aliyewashauri wasomaji wake mwaka 1617 wachukue rapia ya futi nne kwa uchache, alihesabu umbali wa kwenda tu. Silver alihesabu kwenda na kurudi. Nikifikiria vitu vingine ambavyo watu huvirefusha, hotuba, madaraka, mikopo, naona wengi wetu ni wanafunzi wa Swetnam. Ila hata Silver hakuweza kujizuia: kisha kueleza jaribio lake zuri, akaandika namba, yadi na inchi moja kwa mtu wa kimo cha wastani, yadi na inchi tatu au nne kwa mrefu. Alijua mfua panga atamuuliza.

Kuna tumaini moja lililofichika ndani ya vipimo hivi vyote, kwamba panga zikilingana, haki imepatikana. Shakespeare alilichunguza kwenye tamthilia ya *Hamlet*. Kabla ya pambano la mwisho Hamlet anauliza kama panga zote zina urefu mmoja, anajibiwa kuwa ndiyo, na jibu hilo ni kweli. Mmoja wa panga hizo haukufunikwa ncha, tena umepakwa sumu. Aliyeuandaa usaliti hakuwa na haja ya kugusa urefu. Alijua huo ndio utakaopimwa.

Mbio zenyewe zilikwisha kwa njia ambayo hakuna amri iliyoipanga. Kufikia mwisho wa karne ya 17, isipokuwa Hispania iliyong'ang'ania mtindo wa zamani, mabwana wa Ulaya waliokuwa wakiitazama Ufaransa ya Louis wa Kumi na Nne walikuwa wamevaa upanga mwingine kabisa: mwepesi, chuma chake sentimita 80 hivi, mfupi kuliko mpaka ambao Elizabeth aliulazimisha kwa kuvunja ncha langoni. Hakuna aliyewakamata. Upanga mrefu ulikuwa umeanza kumfanya mtu aonekane mshamba au mzee, na waliokuwa tayari kuchomoa chuma juu ya farasi kwa ajili ya inchi chache walizitoa wenyewe, na fundi wakamlipa. Mabwana hao walipopigana wawili kwa ajili ya heshima, wapambe waliosimama na kila upande walipima kwanza panga mbili kwa makini, moja kando ya nyingine, wasiruhusu izidi hata kidogo. Serikali ya 1562 ilikuwa imetaka panga ziwe fupi, na Jonson alikuwa amelalamika kwamba hazikulingana. Sasa zilikuwa fupi na zimelingana, kwa kibali cha pande zote mbili, na mabwana waliendelea kuzikwa kwa idadi iliyowalazimu wafalme kuandika amri nyingine, safari hii dhidi ya pambano lenyewe.